Samaki Ndani ya Jiwe



Ye yote apitaye upande wa Micheweni, katika kisiwa chetu cha Pemba, husikia sauti ya nyundo tangu asubuhi. Ni akina mama waliokaa kivulini, wakibanja mawe kuwa kokoto za kujengea. Mawe hayo ukiyatazama vizuri utaona kuwa si mawe matupu. Mna matumbawe yenye vitundu kama sega la nyuki, mna makombe ya chaza, mna konokono wa baharini. Nayo huchimbwa nchi kavu, mahali ambapo maji ya pwani hayafiki. Viumbe hao wa baharini waliingiaje ndani ya jiwe? Katika mazungumzo haya twataka kulijibu swali hilo. Kisha tutaeleza jinsi mawe yaliyobanjwa yalivyowafundisha watu kumtambua samaki aliyedhaniwa kuwa amekwisha duniani, kumbe yu hai katika bahari yetu wenyewe.

Lakini kwanza tuungame kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita mwanachuo mmoja alirudi kutoka likizo Mombasa, akatuletea jiwe la mviringo, la rangi ya kahawia, ukubwa wake kama dafu dogo. Alilikuta upande wa Changamwe, katika udongo uliokatwa kwa ajili ya barabara. Tulikuwa tumesoma ya kuwa mawe ya namna ile huweza kuwa na kitu ndani, wala hatukungoja. Tuliliweka juu ya sakafu ya saruji, tukalipiga katikati kwa nyundo kubwa, mbele ya darasa zima. Likavunjika vipande vingi, vikaruka hata chini ya madawati. Katika vipande viwili tuliona mistari iliyojipinda kama pembe ya kondoo. Sehemu nyingine za pembe ile tulizitafuta, tukaona vumbi tu. Mwanachuo yule aliokota vipande vyake viwili, akauliza, "Mwalimu, huyu alikuwa nani?" Siku ile hatukuweza kumjibu. Haya tuyasemayo leo ndiyo majibu yetu kwake.

Mawe ya namna ile hufanyika hivi. Kiumbe wa baharini akifa huzama chini, akafunikwa na tope laini, akaanza kuoza. Kuoza kule hubadilisha maji yaliyomo katika tope lililomzunguka, hata chokaa iliyoyeyuka majini, na pengine chuma, huanza kuganda kando yake, tabaka juu ya tabaka, kama ukoko ushikavyo katika chungu. Donge lile huwa gumu mapema, kabla tope lililobaki halijakandamizwa. Kisha matope mapya hushuka juu yake miaka maelfu kwa maelfu. Tope la chini hubanwa likawa mwamba wa tabaka nyembamba, na kila kilichomo humo huwa bapa. Lakini kilichomo ndani ya donge hubaki na umbo lake, kwa kuwa kimelindwa, kama nyama ya nazi ndani ya kifuu. Mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa hivyo katika miamba huitwa visukuku.

Madonge mengine hupasuka kwa ndani, na maji yenye chokaa yakapenya katika nyufa na kuacha fuwele zing'aazo. Wako watu waliozidhania fuwele hizo kuwa almasi. Jaribio lake ni jepesi: almasi haikwaruziki kwa kisu, bali fuwele ya chokaa hukwaruzika. Tena madonge mengi hayana kitu cho chote ndani. Mwenye kuyatafuta na awe na subira.

Basi, pembe ile ya Changamwe ilikuwa ya nani? Haikuwa ya kondoo. Alikuwa mnyama wa baharini aitwaye amonaiti, jamaa ya pweza na ngisi, aliyeishi ndani ya kombe lililojipinda. Mjerumani mmoja, J. M. Hildebrandt, aliyesafiri kukusanya mimea na vitu vya asili, aliokota amonaiti karibu na Mombasa na kuwapeleka Ulaya. Mwaka 1877 mtaalamu Beyrich wa mjini Berlin aliandika habari zao. Hivyo ilijulikana kuwa miamba ile ni ya zamani za mijusi wakubwa, miaka milioni 150 na zaidi iliyopita. Amonaiti wote walikwisha duniani yapata miaka milioni 66 iliyopita, wala hakuna mvuvi aliyepata kumwona hata mmoja.

Pengine mwanafunzi wa Pemba atauliza, "Je, nikibanja mawe ya kwetu, nitampata amonaiti?" Hatampata, na sababu yake ni umri wa nchi yenyewe. Serikali ya Zanzibar ilimtuma mjuzi wa miamba, G. M. Stockley, ayachunguze mawe ya Unguja na Pemba, na taarifa yake ilipigwa chapa mwaka 1928. Kabla yake, mwaka 1927, wataalamu Davies na Cox walikuwa wameeleza vijiumbe vidogo vyenye makombe na konokono waliotoka katika miamba hiyo. Kwa kazi yao twajua kuwa miamba ya kale ionekanayo juu ya ardhi ya Pemba ina umri wa yapata miaka milioni 20. Miaka hiyo ni mingi kwetu, lakini amonaiti walikuwa wamekwisha zamani. Na mawe ya matumbawe ya pwani ni machanga kuliko hiyo: ni miamba ya bahari iliyobaki juu maji yalipopungua. Ndiyo maana chaza wake wafanana sana na chaza wa leo.

Sasa twende Bukini, ndiyo Madagaska. Kaskazini ya kisiwa kile, pande za Ambilobe, yako madonge ya mawe yenye umri wa yapata miaka milioni 250. Ukilipasua donge vizuri, pengine hufunguka pande mbili kama kunde, na katikati yake amelala samaki mzima, na mapezi na magamba. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Massinot alipata donge moja karibu na kijiji cha Betsiaka. Ndani yake palikuwa na alama ya mifupa ya mnyama mdogo, nusu upande huu na nusu upande huu. Mwaka 1936 mtaalamu Piveteau alieleza kuwa mnyama yule ni katika wazee wa vyura wote wa duniani. Kama Massinot angalihifadhi upande mmoja na kuutupa wa pili, nusu ya habari ile ingalipotea.

Katika madonge hayo hayo ya Bukini alikuwamo samaki wa ajabu. Mapezi yake yalikuwa na kikonyo chenye nyama na mifupa, mfano wa miguu mifupi, na mkia wake ulikuwa na sehemu tatu. Mwaka 1935 Mwingereza Moy-Thomas alimpa jina la Whiteia. Jamaa zake walikwisha onekana katika mawe ya nchi nyingine, na ukoo wao huitwa silikanti. Wataalamu wote waliamini ya kuwa ukoo huo ulikwisha pamoja na amonaiti, kwa kuwa katika mawe ya baadaye hakuonekana hata mmoja.

Tarehe 22 Desemba 1938 Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mwangalizi wa makumbusho ya East London katika Afrika ya Kusini, aliitwa bandarini atazame samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Chini ya rundo aliona pezi la rangi ya buluu. Alikuwa samaki mwenye urefu wa mita moja na nusu, ambaye mfano wake hakupata kuuona. Alimchora kwa kalamu, akampelekea mchoro ule Profesa J. L. B. Smith. Profesa alipouona alishangaa, kwa maana ulikuwa picha ya samaki wa mawe. Lakini joto lilikuwa kali, na kabla Profesa hajafika samaki yule ilibidi akaushwe, na matumbo yake yakatupwa. Ngozi ilibaki, bali habari za ndani zilipotea. Twalikumbuka jiwe letu la Changamwe kila tusomapo hayo.

Profesa Smith alitafuta samaki wa pili kwa muda wa miaka kumi na minne. Alipiga chapa karatasi yenye picha, na ahadi ya paundi 100 kwa mtu atakayempata. Mwaka 1952 yeye na mkewe walikuwa Zanzibar, na hapo walionana na nahodha Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara kwa jahazi baina ya pwani yetu na visiwa vya Komoro. Nahodha alichukua karatasi zile akazieneza huko.

Usiku wa tarehe 20 Desemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah, wa Domoni katika kisiwa cha Nzuani, alivua samaki mzito mwenye mapezi kama miguu. Asubuhi alimpeleka sokoni. Angalikatwa vipande na kuuzwa kama samaki wengine, lakini alitokea mwalimu wa shule, Affane Mohamed, ambaye alikuwa ameiona karatasi ile. Alimtazama samaki, akawakataza watu wasimkate. Samaki akachukuliwa kuvuka milima, mwendo wa yapata kilomita 40, hata Mutsamudu, kilipokuwa chombo cha nahodha Hunt. Tarehe 29 Desemba Profesa Smith alifika kwa ndege ya jeshi la Afrika ya Kusini. Alipomwona samaki alilia machozi, naye mwenyewe hakuona haya kusimulia hayo baadaye.

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo hatupendi lipite bila ya kusemwa. Wavuvi wa Komoro walimjua samaki yule tangu zamani, na jina lake kwao ni gombesa. Mabingwa wa Ulaya walimjua katika mawe, nao walisema kuwa amekufa. Wavuvi walimjua katika maji, wala hapana aliyewauliza. Karatasi ya Profesa ilikuwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Haikuandikwa kwa Kiswahili wala kwa lugha ya Komoro. Elimu mbili zilikuwa kila moja upande wake, kama nusu mbili za donge lililopasuliwa, na aliyeziunganisha alikuwa mwalimu wa shule aliyesimama sokoni na macho yake wazi. Wazee walisema kweli: usilolijua ni usiku wa giza.

Wala hadithi haikukoma Komoro. Tangu mwaka 2003 silikanti wamevuliwa katika maji ya Tanzania, na wengi wao wamepatikana karibu na Tanga, pande za Kigombe. Kwa ajili yao serikali iliweka Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Baina ya pwani ile na kisiwa chetu ni ule mkondo wa Pemba, ambao kina chake hufika yapata mita 800. Mtu asimamaye Wesha jioni akitazama jua linavyotua, maji ayaonayo ni ya bahari ile ile alimo jamaa wa samaki wa mawe.

Basi, mwenye kuokota donge la jiwe na afanye hivi, asifanye kama tulivyofanya sisi. Kabla ya kupiga, aandike mahali alipoliokota, tarehe, na namna ya udongo ulivyokuwa. Jiwe lisilojulikana kwao ni kama barua isiyo na jina la mwandishi. Ajue pia kuwa vitu vya kale vinalindwa kwa sheria, asichimbe shamba la mtu wala mahali pa kale bila ya ruhusa. Akitaka kujua kama jiwe lina chokaa, akwaruze unga kidogo na kuudondoshea maji ya ndimu. Ukitoa mapovu, chokaa imo. Asilitie jiwe motoni, kwa maana laweza kupasuka na kumwumiza. Aliweke juu ya gunia lenye mchanga, avae miwani ya kukinga macho, achukue tindo na nyundo ndogo. Agonge polepole pembeni, akiligeuza kidogo kidogo, hata ufa ulizunguke lote. Likifunguka, nusu zote mbili zitiwe namba moja, zifutwe kwa brashi laini, wala zisioshwe kwa siki au ndimu, kwa maana zitaliwa. Akiona kitu asichokijua, awapelekee habari watu wa makumbusho. Hapa Pemba wako katika ngome ya kale ya Chake Chake.

Hatuwaambii akina mama wa Micheweni waache nyundo zao, kwa kuwa kokoto zile ni chakula na sare za shule za watoto. Twawaomba watoto wao jambo moja tu. Mama anaponyosha mkono kuchukua jiwe jingine, mtoto na alitazame kwanza, pande zote, kabla ya nyundo kushuka. Akiona kombe zuri, aliweke kando na kuandika lilikotoka.

Vipande vyetu viwili vya Changamwe vimo katika kabati la darasa mpaka leo, na chini yake pameandikwa jina la mahali na jina la mnyama. Mwanachuo yule sasa ni mwalimu, naye hufundisha watoto wake kugonga pembeni.