Jando la Masasi na Mafunzo ya Adabu

Askofu Edward Steere alipofikisha misheni Masasi mwaka 1876, Wayao, Wamakua na Wamakonde wa pande hizo walikwisha kuwa na chuo chao cha adabu, nacho ni jando. Humo kijana alifunzwa na wazee namna ya kuwaheshimu na kunyamaza mbele yao.

Wamisionari wengi walilihesabu jando kuwa ushenzi. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, hakulivunja: aliondoa yaliyopingana na imani yake, akatia sala na mafunzo ya Kikristo. Adabu ilihifadhika, lakini mamlaka ya kuifunza, yaliyokuwa ya wazee peke yao, sasa waligawana na padre. Wazee wa Chiungutwa na jirani zake wangebakiwa na heshima ipi?