Kikoa na Jina Lililoandikwa Daftarini

Katika ankara ya fundi wa tovuti mara nyingi pana mstari mmoja tu: "domeini na hostingi", bei moja, mwaka mmoja. Mwenye biashara analipa, tovuti inaonekana, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Lakini mstari huo umebeba vitu viwili visivyofanana. Hostingi ni nafasi kwenye seva, mahali ambapo mafaili ya tovuti yanakaa. Ikikusumbua unahamia kwingine wiki hiyo hiyo. Hata tovuti yenyewe ikifutika unaweza kuijenga upya. Domeini ni jambo jingine. Jina likikutoka, zinaondoka nalo barua pepe za ofisi, kadi ulizochapisha, maandishi ubavuni mwa gari la kusambaza mzigo, na wateja wa miaka yote waliozoea kukutafuta hapo.

Kwa Kiswahili sanifu kitu hicho kinaitwa kikoa, na anwani tunayoiandika ni jina la kikoa. Ndilo neno linalotumiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, inapozungumzia majina yanayoishia na .tz. Mitaani watu husema domeini na wanaelewana vizuri. Mimi napenda kikoa kwa sababu neno hilo linasema ukweli kuhusu kitu chenyewe ambao neno la mkopo linauficha.

Watu wa pwani walikuwa nalo kabla ya kompyuta. Kula kikoa ni kula kwa shirika: watu wanakubaliana, leo huyu analeta chakula cha wote, kesho mwenzake, na kila mmoja anawajibika zamu yake ikifika. Wanaisimu nao wanazungumzia vikoa vya matumizi ya lugha, yaani nyumbani, sokoni, shuleni, kwenye ibada, kila mahali na taratibu zake. Katika matumizi yote mawili kikoa ni eneo lenye mipaka na lenye wahusika. Ndivyo lilivyo hata kwenye intaneti. Kikoa ni eneo la majina lililo chini ya mamlaka ya mtu au taasisi fulani, ndani ya eneo kubwa zaidi lililo chini ya mwingine.

Mpango huu ulikuja kutokana na shida halisi. Kompyuta hutafutana kwa namba, na binadamu hukumbuka majina. Katika mtandao wa Arpanet, mzazi wa intaneti, majina yote na namba zake yaliandikwa kwenye faili moja lililotunzwa Stanford Research Institute, California, na kila aliyehitaji orodha mpya alilichukua kutoka huko. Mtandao ulipokua, faili hilo likawa mzigo. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, wa Chuo Kikuu cha Southern California, alipendekeza njia nyingine: asiwepo mtu wa kutunza orodha nzima. Kila mmoja atunze sehemu yake, na ajue tu ni nani anayetunza sehemu iliyo chini yake.

Kwa hiyo jina la kikoa husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Chukua duka lililosajiliwa chini ya .co.tz. Kompyuta ya mteja, kama haina jibu tayari, inaanza kwenye mzizi, yaani ngazi ya juu kabisa ya majina yote, inaelekezwa kwa mtunzaji wa .tz, huko inaonyeshwa anayetunza .co.tz, na hapo ndipo inapoambiwa jina la duka lipo kwenye seva zipi. Ukishakuwa na jina lako, kila kitakachokuja kushoto kwake ni chako bila kumwomba mtu ruhusa. Unaweza kuweka "malipo" mbele yake, au "zanzibar" kwa tawi la Unguja, na hulipii usajili mwingine.

Matapeli wanaujua mpangilio huu kuliko wateja wengi. Wanaweka jina la benki mwanzoni kabisa mwa anwani ndefu, halafu mwishoni, kabla ya mkwaju wa kwanza (ukiacha ile miwili ya https://), linakuja jina lao wenyewe. Asomaye kutoka kushoto anaona benki yake na kuridhika. Asomaye kutoka kulia anamwona mwenye eneo. Natamani somo hili dogo lifundishwe kila mahali panapofundishwa matumizi ya kompyuta, maana linawaokolea watu fedha zao.

Kuwa ndani ya eneo la mwingine kuna gharama yake pia. Zaire ilikuwa na .zr. Nchi ilipobadili jina mwaka 1997 ikaja .cd ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa kwenye mzizi. Leo kampuni nyingi za teknolojia zinapenda .io kwa sababu herufi hizo zinavutia machoni mwa wanaprogramu, ilhali asili yake ni eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, visiwa vya Chagos. Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuikabidhi Mauritius mamlaka juu ya visiwa hivyo, na wenye majina ya .io wamebaki wakifuatilia siasa ambazo hawakuwahi kuzifikiria. Kwa biashara inayouzia Watanzania, .co.tz ni chaguo lililo wazi, kama .co.ke kwa Wakenya: kanuni zake zinawekwa nchini, na mgogoro ukitokea unajua ofisi ya kwenda. Anayeuza safari kwa wageni wa Ulaya anaweza kuongeza .com, na jina la pili likamleta mteja kwenye tovuti ile ile.

Tunasema "nimenunua domeini", na hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Kinachofanyika ni kusajili. Jina lako linaandikwa kwenye daftari kwa muda fulani, na muda huo una mwisho. Kwa .com huwezi kusajili zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo, uwe na fedha kiasi gani. Muda huo ukipita bila kuhuisha, jina linarudi sokoni kwa hatua. Kwa .com msajili, yaani kampuni uliyosajilia jina, anaweza kukuvumilia hadi siku 45, kisha zinakuja siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho, halafu linaachwa huru kwa yeyote. Vikoa vya nchi vina ratiba zao, kwa hiyo uliza ya kwako siku ile ile unayosajili. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kuhuisha passport.com, jina lililotumika kuwaingiza watumiaji wa Hotmail kwenye barua zao. Huduma ikayumba mkesha wa Krismasi, hadi mwanaprogramu mmoja wa Marekani asiyehusika na kampuni hiyo alipolipa ada ya dola 35 kwa kadi yake mwenyewe. Microsoft ilikuwa na fedha na wanasheria wa kila aina. Iliyokosekana ni tarehe moja kwenye kalenda ya mtu.

Kuna kosa kubwa kuliko la tarehe: nani ameandikwa daftarini? Msajili anapofungua rekodi anaweka jina la mwenye kikoa, barua pepe na simu yake. Fundi akiwa na haraka, au akitaka mteja asimkimbie, anajaza taarifa zake mwenyewe. Ni sawa na kupanga fremu Kariakoo, ukalipa kodi na kupaka rangi bango, kumbe mkataba na mwenye nyumba ameandikiana dalali. Kila kitu kitakuwa shwari mpaka siku mtakapokosana, au siku fundi atakapohamia mji mwingine na namba yake isipatikane tena. Hapo utamweleza msajili kwamba risiti za malipo unazo, naye atakuonyesha jina lililoandikwa.

Uzito wa jina hilo ulionekana mapema. Katikati ya miaka ya 1990 mtu mmoja nchini Marekani alighushi barua iliyodai kwamba mwenye jina fulani la thamani la .com ameliachia. Msajili, Network Solutions, akaamini na kulihamisha. Mwenyewe alihangaika mahakamani kwa miaka, na mwaka 2003 mahakama ya rufani ya shirikisho ikakubali kwamba jina la kikoa ni mali, na kwamba msajili anayelitoa kizembe anaweza kuwajibishwa. Kisa cha Uzi Nissan kinaonyesha upande wa pili. Mfanyabiashara huyu wa kompyuta wa North Carolina alisajili nissan.com mwaka 1994, kwa jina la ukoo wake. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Nissan ikamshitaki. Kesi ikavuta miaka, akawekewa mipaka ya namna ya kulitumia, lakini hakunyang'anywa. Alifariki mwaka 2020 jina likiwa bado mkononi mwake. Alikuwa ameandikwa, na alikuwa na sababu ya kweli ya kuandikwa.

Sababu hiyo ya kweli ndiyo mpaka kati ya mfanyabiashara na mvamizi wa majina. Tangu 1999 pana utaratibu wa kimataifa wa kutatua migogoro ya .com na wenzake bila kwenda mahakamani, na mashauri mengi husikilizwa na Shirika la Hakimiliki Ubunifu Duniani, WIPO, huko Geneva. Mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuchanganya, kwamba aliyelisajili hana haki nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Tazama neno alama ya biashara. Kuandikisha jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, hakukupi kikoa, wala kusajili kikoa hakukupi alama ya biashara. Ni madaftari tofauti. Tena alama iliyosajiliwa Tanzania Bara haikulindi Zanzibar, ambako wakala ni BPRA. Kabla ya kuchapisha bango lolote, tafuta jina lako kwenye yote yanayokuhusu.

Na jina lenyewe lichaguliwe kwa sikio. Huku kwetu anwani husafiri kwa mdomo: redioni, kwenye simu, dukani mteja akimwelekeza jirani. Muuza fanicha akichagua jina lenye neno "samani", nusu ya wateja wataandika "thamani", maana maneno hayo mawili yanachanganywa kila siku hata kwenye mabango. Jina lenye "ra" na "la" zilizopangana litamtesa mteja ambaye lugha yake ya nyumbani haizitenganishi. Kampuni ya usafi ikijiita Ng'arisha italazimika kuiacha ile alama ya juu, kwa kuwa jina la kikoa la kawaida linakubali herufi, tarakimu na kistari tu, na kistari chenyewe hakiruhusiwi mwanzoni wala mwishoni. Herufi zinaweza kufika 63 kati ya nukta na nukta, lakini anayefika hata 20 amewachosha watu. Jaribio langu ni hili: mpigie simu mtu asiyejua biashara yako, mtajie anwani mara moja, umwambie aiandike na kukutumia. Fanya hivyo kwa watu wachache wa rika na mikoa tofauti. Wawili wakikosea mahali pale pale, tafuta jina jingine, au sajili na lile la makosa ulielekeze kwako.

Kusajili na jirani zake ni ulinzi pia. Kwenye herufi ndogo, r na n zikibanwa pamoja husomeka kama m, hivyo "kilirno" machoni ni "kilimo". Tapeli anayetaka kuwaibia wageni wa kampuni ya utalii hahitaji nywila ya mtu. Anasajili jina la kufanana, anamwandikia mteja aliyekwisha kuagiza safari, na kumwambia akaunti ya benki imebadilika. Huwezi kusajili kila tofauti. Sajili zile mbili tatu zinazodanganya macho, na waambie wateja tangu mwanzo kwamba mabadiliko ya akaunti huthibitishwa kwa simu.

Upande wa akaunti ya usajili, mambo hayana fumbo. Nywila isitumike mahali pengine popote, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, na kufuli ya uhamisho ifungwe ili jina lisihamishiwe kwa msajili mwingine bila wewe kulifungua na kutoa namba ya siri. Huisha kwa miaka kadhaa pale kanuni zinaporuhusu, maana kadi ya benki iliyowekwa kujilipa yenyewe nayo hufikia ukomo. Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya kikoa hicho hicho, kwa sababu jina likizimika hutapokea ujumbe wa kukuambia limezimika. Ukipata barua ya msajili wa .com ikikutaka uthibitishe anwani yako, hakikisha ni yake kweli, kisha ijibu mapema: ndani ya siku 15 za usajili isipothibitishwa, jina linaweza kusimamishwa.

Na jina liandikwe kwa kampuni kama kampuni ipo, si kwa mkurugenzi binafsi wala kwa kijana wa kompyuta aliyepo mwaka huu. Mwenye jina binafsi akifariki, warithi hulazimika kupeleka nyaraka za mirathi kwa msajili huku tarehe ya kuhuisha ikisogea. Kampuni haina mirathi. Inahitaji watu wawili wanaoijua akaunti, na karatasi moja kwenye kabati la ofisi yenye jina la msajili, tarehe ya mwisho, na simu ya kupiga.