Mdahalo wa Barcelona: Swali Lilikuwa la Nani?

Ijumaa, Julai 20, 1263, Rabi Moshe ben Nahman alisimama mbele ya Mfalme Jaume I wa Aragon katika jumba la kifalme mjini Barcelona. Alikuwa mzee anayekaribia miaka 70, mwanazuoni mkubwa wa Wayahudi wa Girona, na hakuja kwa hiari yake. Mfalme alikuwa amemwita ajibu hoja za Pau Cristià, mtawa wa shirika la Wadominiko ambaye mwenyewe alizaliwa Myahudi kisha akabatizwa.

Kabla ya lolote, rabi aliomba aruhusiwe kusema bila woga. Mfalme akakubali. Hapo akadakia Ramon de Penyafort, mtawa na mwanasheria mkubwa wa Kanisa wa zama zile: ruhusa ipo, ilimradi asiitukane dini yao.

Mabishano ya kidini mbele ya watawala hayakuanzia hapo. Karibu miaka 500 nyuma, mnamo 782, Khalifa al-Mahdi wa Baghdad alimhoji kwa siku mbili Patriaki Timotheo wa Kwanza, mkuu wa Kanisa la Mashariki, kuhusu Yesu, Utatu na Mtume Muhammad. Alipotakiwa aseme anamwonaje Muhammad, Timotheo hakukiri utume wake wala hakumkashifu. Alisema Muhammad alipita njia ya manabii, kwa kuwa aliwatoa watu wake katika ibada ya masanamu na kuwafundisha Mungu mmoja. Lilikuwa jibu la mtu anayejua amekaa mbele ya nani. Khalifa huyohuyo ndiye aliyemwagiza Timotheo asimamie tafsiri ya kitabu cha Aristotle kuhusu ufundi wa kujenga hoja kutoka Kisiriaki kwenda Kiarabu. Alitaka kubishana kwa kanuni.

Katika karne ya 10 jambo hilo lilifika mbali zaidi. Mwanazuoni wa Kiislamu kutoka Andalusia, Ibn Sa'di, alihudhuria mabaraza ya wanatheolojia wa Baghdad na kutoka ameshika kichwa. Humo aliwakuta Waislamu wa kila madhehebu wamekaa pamoja na Wayahudi, Wakristo, Wamajusi na hata wakanamungu. Mkuu wa kundi lolote alipoingia, wote walisimama kwa heshima mpaka akae. Kisha yakatangazwa masharti: asilete mtu ushahidi wa kitabu chake wala wa mtume wake, maana wengine hawaviamini. Hoja ni za akili tu. Ibn Sa'di hakurudi tena barazani hapo, na aliporejea magharibi alisimulia kisa hicho kama kioja.

Barcelona masharti yaligeuka. Maswali makuu yalikuwa kama Masihi amekwisha kuja, na kama ni Mungu au binadamu. Taarifa fupi ya Kilatini iliyotiwa muhuri wa mfalme inasema wazi kwamba imani ya Kikristo, kwa uhakika wake, si jambo la kujadiliwa. Kwa maneno mengine, upande mmoja tu ndio uliokuwa na cha kupoteza.

Silaha ya Pau nayo ilikuwa mpya. Mjini Paris mwaka 1240, Nicholas Donin, naye Myahudi aliyebatizwa, aliishambulia Talmudi kuwa kitabu cha kufuru, na miaka miwili baadaye nakala zake zikachomwa hadharani. Pau aliigeuza hoja hiyo: Talmudi yenyewe, alisema, inathibitisha kwamba Yesu ndiye Masihi. Akaleta simulizi ya marabi wa kale isemayo Masihi alizaliwa siku Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa, yaani amekwisha kuja.

Rabi alijibu kwa hatua mbili. Kwanza, vitabu vyetu havilingani uzito: kuna Maandiko, kuna Talmudi inayofafanua sheria, na kuna mawaidha na visa vya marabi, ambavyo mtu ana hiari ya kuviamini au kuviacha. Pili, hata tukikiamini kisa hicho, hesabu inakataa. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na Yesu alizaliwa na kufa kabla ya hapo. Halafu akauliza: kama marabi wale walimwamini Yesu, mbona walikufa wakiwa Wayahudi?

Akamgeukia na mfalme. Manabii waliahidi kwamba zama za Masihi zitakuwa za amani, alisema, ilhali dunia imejaa vita; na ingekuwa vigumu kwako na kwa mashujaa wako kuacha kujifunza vita.

Haikuwa kesi ya nyani kwa hakimu ngedere moja kwa moja, maana mfalme alitimiza ahadi yake. Mdahalo ulisitishwa baada ya kikao cha nne bila hukumu, huku Wayahudi wa mji wakimsihi rabi anyamaze kwa kuhofia ghasia. Kwa simulizi yake mwenyewe, mfalme alimpa dinari 300 na kumuaga kwa heshima. Lakini mwezi uliofuata, Agosti, amri zilitoka: Wayahudi wasikilize mahubiri ya Pau, na vitabu vyao vikaguliwe.

Rabi aliandika kitabu chake cha Kiebrania kuhusu mdahalo, na hicho ndicho kilichomponza. Mwaka 1265 Wadominiko walimshtaki. Mfalme alipendekeza kitabu kichomwe na mwandishi ahamishwe kwa miaka miwili. Watawa wakakataa, wakiona adhabu ni ndogo mno. Papa Clement IV naye akaandika kumshinikiza mfalme. Mzee akafunga safari, na mwaka 1267 akafika Yerusalemu. Katika barua kwa mwanawe alieleza mji uliobaki gofu, wenye wakazi wapatao 2,000. Wayahudi aliowakuta ni ndugu wawili tu, mafundi wa kutia vitambaa rangi.

Leo tuna taarifa mbili za mdahalo ule, na kila moja inatangaza ushindi wa upande wake. Kutafuta mshindi hakufiki mbali. Kinachofaa kutazamwa ni aliyechagua maswali, na hilo lilionekana peupe huko Tortosa, pia katika ufalme wa Aragon. Vikao 69 vilifanyika huko kati ya Februari 1413 na Novemba 1414, vikiitishwa na Benedict XIII, aliyetambuliwa na baadhi ya Wakristo tu kuwa Papa. Kwa masimulizi ya Kiyahudi, alifungua kwa kuwaambia marabi kwamba hakuwaita kubishania dini ipi ni ya kweli, kwa kuwa hilo kwake lilikwisha kujulikana. Kazi yao ilikuwa kujibu.