Medali Rahisi: Historia Yake, na Vyeti Vyetu Chini ya Godoro

Leo nimeleta historia ya kitu ambacho wengi wanakiona ni cha watoto: medali zinazotolewa ndani ya magemu, na hasa yale magemu ambayo medali zake ni rahisi mno mpaka watu wanayatafuta kwa ajili hiyo tu. Msicheke kwanza. Habari hii inagusa hata yale makaratasi tuliyoyafunga kwenye bahasha tukayaweka chini ya godoro.

Tuanze kwa kuelezana. Ukicheza gemu ya kisasa na ukafanya jambo fulani, mfano umemaliza hatua ya kwanza au umefunga mabao matatu katika mechi moja, kinatokea kijitangazo kwenye skrini: umepata medali. Medali hiyo haikuongezei pesa mfukoni. Inabaki kwenye akaunti yako, na wengine wanaiona. Sasa, kuna wachezaji ambao hawatulii mpaka wapate zote, asilimia 100. Gemu ikiwa na medali 50 naye ana 49, hiyo moja inamnyima usingizi. Na kwa kuwa magemu magumu yanakula miezi, wengine wanakwenda kwenye yale mepesi, yanayoisha kwa saa moja au hata dakika chache. Wanamaliza, wanahesabu, wanaruka kwenye lingine.

Hiyo tabia ilitoka wapi?

Wazo la kumpa kijana alama ya kushona kwenye nguo kwa kuwa ameweza jambo ni la zamani kuliko kompyuta. Maskauti wanalijua. Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha uskauti mwaka 1907, alizikwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, Nyeri nchini Kenya, mwaka 1941. Katika uskauti mtoto anaonyesha kwamba anajua kufunga fundo, kuwasha moto au kumhudumia majeruhi, kisha anapewa beji. Hata kama beji ni ndogo, nyuma yake kuna mtu mzima aliyemwona kwa macho akifanya.

Magemu yaliiga jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kampuni ya Marekani iitwayo Activision ilikuwa inatengeneza magemu ya mashine ya Atari 2600. Ndani ya kijitabu cha maelezo waliandika kwamba ukifikisha pointi kadhaa, piga picha televisheni yako, pointi zionekane, utume kwa posta. Wakiiona picha, wanakurudishia kiraka cha kitambaa cha kushona kwenye koti. Katika gemu ya Pitfall! ya mwaka 1982, pointi zilizotakiwa ni 20,000. Fikiria kazi yote hiyo: ufikishe pointi, utafute kamera, usafishe filamu, ununue stempu, usubiri barua. Kiraka hicho hakikuwa na bei sokoni, lakini kilikuwa na ushahidi.

Halafu intaneti ikaja, na posta haikuhitajika tena. Novemba 2005 Microsoft ilitoa Xbox 360, na ndani yake ikaweka medali zenye pointi. Kila gemu kubwa ya diski ilipaswa kuwa na pointi 1,000 za kugawa, na jumla ya pointi zako zilionekana pembeni ya jina lako. Mwaka 2007 Steam, duka la magemu ya kompyuta, nalo likaanza kutoa medali. Mwaka 2008 PlayStation 3 ikaleta vikombe: shaba, fedha, dhahabu, na juu kabisa Platinum kwa aliyemaliza vyote. Apple ikaweka za kwake kwenye simu mwaka 2010, na Google kwenye Android mwaka 2013. Ndiyo maana hata wewe mwenye kasimu kadogo ka mkopo umewahi kuona kale katangazo.

Kampuni hazikufanya hivyo kwa huruma. Mtu anayehesabu medali anakaa kwenye gemu muda mrefu zaidi, na rafiki yake akiona pointi zake naye ananunua. Lakini mara tu ulipowekwa utaratibu kwamba kila gemu lazima iwe na medali, mlango mwingine ukafunguka. Mwaka 2007 ilitoka gemu ya Xbox 360 ya katuni ya Avatar, iitwayo The Burning Earth. Ilikuwa na medali tano tu, na zote zilitaka kitu kimoja: upige mapigo mfululizo bila kukatika, ya mwisho ikiwa mapigo 50. Wachezaji wakagundua kwamba unaweza kusimama karibu na maadui pale mwanzoni, ukabonyeza kitufe kimoja tu, na baada ya dakika chache pointi zote 1,000 ni zako. Gemu yenyewe hujaicheza. Hadithi huijui. Lakini akaunti yako inasema umemaliza.

Gemu hiyo ikawa maarufu kwa sababu hiyo. Watu waliitafuta, waliikodi, waliazimana. Na kilichotokea kwa bahati kikageuka kuwa biashara. Mwaka 2016 ilitokea My Name is Mayo, gemu ambayo kazi yako ni kugonga chupa ya mayonezi. Ndiyo, kugonga. Ukiigonga mara 10,000 na kufuata vijihadithi vyake, unapata Platinum, kikombe kile kile cha juu anachopata mtu aliyehangaika miezi mitatu kwenye gemu ngumu. Watengenezaji wake walikuwa wanatania, na hawakuficha utani wao. Wengine hawakutania. Kwenye Steam yalijaa magemu ya bei ndogo yenye maelfu ya medali zinazoanguka zenyewe kama mvua, hata ukiwa umeacha kompyuta unakunywa chai. Mwaka 2018 Steam ikaweka kizuizi: gemu mpya isizidi medali 100, na medali zake zisihesabiwe kwenye wasifu wa mchezaji mpaka gemu ionyeshe ina wachezaji wa kweli.

Kwa nini walizuia? Kwa sababu alama ikiwa rahisi mno haimharibii aliyeipata tu. Inamharibia na yule aliyeitolea jasho, kwa kuwa kwa nje zote zinafanana.

Hata hivyo tusiwadharau wanaohesabu. Mmarekani Raymond Cox, anayejulikana kwa jina la Stallion83, alifikisha pointi milioni moja za Xbox mwaka 2014, mtu wa kwanza duniani, na kitabu cha Guinness kikamtambua. Kule Ghuba, Hakam Karim wa Bahrain, maarufu kama Hakoom, alijulikana kwa kukusanya Platinum zaidi ya 1,000. Huwezi kufika huko kwa uvivu. Na gemu rahisi ina faida yake pia. Mtu aliyetoka kazini amechoka, au mtoto ambaye hajawahi kushinda kitu maishani mwake, akiona limeandikwa "umemaliza", moyo wake unatulia kidogo. Hatua ya kwanza ya ngazi lazima iwe fupi, la sivyo wengi watabaki chini.

Sasa twende Kanombe. Wengi wetu wenye ndugu Kigali tunapajua: sekta ya wilaya ya Kicukiro ambako kuna uwanja wa ndege. Hapo ndipo wenzetu wanaopata nchi ya tatu wanatuagia, na ndipo Septemba 2019 walipotua wakimbizi 66 wa kwanza waliotolewa Libya, wakapelekwa Gashora. Pamoja na hayo yote, Kanombe ni mtaa wa watu wa kawaida, na kama mitaa mingine ya Kigali ina vyumba vya magemu: televisheni, mashine ya PlayStation, benchi, na vijana wanalipa mechi moja moja. Wanacheza mpira. Aliyefungwa anampisha mwingine, aliyeshinda anabaki kwenye benchi.

Ukitazama vizuri utaona jambo. Mashine ni ya mwenye chumba, na akaunti iliyofunguliwa ni yake. Kijana akifunga bao ambalo chumba kizima kinapiga kelele, kikombe kikitoka kinaandikwa kwenye akaunti ya mwenye mashine. Mwenye mashine anaweza kuwa nje anachoma mahindi, huku vikombe vinamwingilia. Yule mfungaji hana kitu. Lakini muulize mtu yeyote kwenye lile benchi nani hodari wa mtaa, atakutajia jina bila kufungua akaunti yoyote. Wanamjua kwa sababu wamefungwa naye.

Ndivyo ilivyo kwa igisoro, ule mchezo ambao wazee wa Rwanda wanacheza, mashimo 32 na kete 64, ndugu yake bao la watu wa pwani. Kwenye igisoro hakuna medali, hakuna pointi za kubeba kwenda nazo nyumbani. Ukitaka kuitwa fundi, kaa na mafundi uwafunge, watu wakiangalia.

Mpaka hapa nadhani mmeshaona ninakoelekea. Sisi wa kambini tuna medali zetu, zinaitwa vyeti. Mafunzo ya siku mbili ya uongozi, cheti. Siku tatu za ujasiriamali, cheti. Asubuhi moja ya kunawa mikono, cheti. Mimi kama mtu wa kujitolea ninashika karatasi ya mahudhurio, kwa hiyo ninaona majina. Kuna vijana wenye vyeti kumi na tano. Wanajua mafunzo yapi yana soda na nauli, yapi yanaisha saa sita, yapi cheti chake kina mihuri mizuri. Wamekuwa kama wale wa gemu za chupa ya mayonezi. Siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyekaa kambini miaka kumi bila kuendelea na shule atakusanya nini kingine? Cheti kina jina lake, limeandikwa vizuri, na si kila karatasi katika maisha ya mkimbizi inamtaja kwa heshima.

Shida inakuja siku anapotoka nje. Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, hiyo ni haki kubwa ambayo nchi nyingi hazitoi. Kijana anapanda basi mpaka Kigali na bahasha yake. Mwenye kazi anapindua vyeti kimoja kimoja, halafu anauliza: "Sasa unaweza kufanya nini?" Na pale kwenye karatasi kumeandikwa tu kwamba alihudhuria. Mwenzake aliyejifunza ushonaji miezi sita naye ana karatasi ya ukubwa ule ule, yenye maneno karibu yale yale. Kwa nje zinafanana. Ni ile hasara ya Steam, ila hapa anayepoteza ni mtu mwenye njaa.

Na nyinyi wa mashirika, naomba mnisikilize kwa upole. Ripoti inataka namba: vijana 200 wamefundishwa. Kama Xbox ilivyotaka kila gemu iwe na pointi 1,000, namba inapatikana, na gemu ya mapigo 50 inapatikana vile vile. Hakuna aliyedanganya. Ila akaunti imejaa, na ni ya nani? Mara nyingine vikombe vinaingia kwa mwenye mashine.

Kuna mtoto mmoja wa kambi ambaye historia ya magemu inamkumbuka, na si kwa medali alizokusanya. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita ya Sudan Kusini, akakulia kambi ya kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka ikafika dola 300, akamnunulia kompyuta ndogo. Kambini hakukuwa na umeme, kijana akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe kutengeneza gemu, akaiita Salaam, ambamo unakuwa mtu anayekimbia vita na lazima upate maji na chakula ili uishi. Baadaye alianzisha kampuni ya Junub Games huko Washington, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye tuzo za The Game Awards. Lakini kabla ya tuzo yoyote alikuwa na kitu cha kumwekea mtu mkononi na kumwambia: chukua, cheza, nimeitengeneza mimi.

Si kila mtu atakuwa Mayen, na mama wa watoto sita hana dola 300. Ninachoomba ni kidogo. Cheti kiandike saa ngapi mtu alifundishwa, na jambo gani alilifanya mwenyewe mbele ya mwalimu: alishona suruali, alifunga waya wa taa, aliandika barua kwa kompyuta. Yale ya asubuhi moja yaendelee, tunayahitaji, ila yaitwe mahudhurio. Na wewe kijana, kwenye hiyo bahasha ongeza picha: suruali uliyoishona, bustani uliyoilima, watoto uliowafundisha kusoma. Watu wa Activision walikuwa wanataka picha kwanza ndipo watoe kiraka. Sisi kiraka tunacho tayari, tena vingi. Picha ndiyo inayokosekana.