Kuta Zako, Ardhi ya Nani? Kununua Nyumba Majengo, Ng'ambo na Kariakoo

Katika mitaa ya Ilala, Magomeni na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, si ajabu kukuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi." Pengine huongezwa chini yake: "Ogopa matapeli." Anayeambiwa ni mnunuzi ambaye dalali ameshamwonesha nyumba, bei wameshakubaliana, na hajui kuwa kijana aliyemfungulia mlango ni mmoja tu kati ya warithi wengi wa marehemu. Mitaa hii ya jirani na katikati ya mji imejaa nyumba za namna hiyo. Kila mwenye fedha anaitaka kwa kuwa soko, hospitali na kituo cha mabasi vipo karibu. Lakini kinachouzwa pale, hasa ni kitu gani? Jibu la Mombasa silo la Unguja, na la Unguja silo la Dar es Salaam.

Ukiitazama kwa macho, nyumba ni ileile. Mbele kuna kibaraza, kisha mlango wa kati na ukumbi unaopita hadi uani. Vyumba vitatu huku, vitatu kule. Uani jiko, choo na bomba, na baadaye mabanda ya kupangisha. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ilimwezesha mjane au kuli wa bandarini kulala chumba kimoja na kupangisha vitano, na kodi hiyo ikasomesha watoto. Ya Majengo, Mombasa na ya Magomeni, Dar es Salaam ni ndugu wa damu. Mbele ya sheria hazijuani kabisa.

Mombasa ndiko utengano wa nyumba na ardhi ulikofika mbali zaidi. Katika mitaa mingi ya zamani ya kisiwani, mtu anaweza kumiliki nyumba pasipo kumiliki ardhi ilipojengwa. Humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, lakini nyumba ni mali yake: ataiuza, ataipangisha chumba kwa chumba, na akifa watoto wake watairithi. Wenyewe huiita nyumba bila ardhi. Mzizi wake ni mila ya pwani iliyopatana na fikihi ya Kiislamu: kilichopandwa au kujengwa kwa ruhusa ya mwenye ardhi chaweza kubaki mali ya aliyekipanda au kukijenga. Ndiyo maana Unguja na Pemba walikuwapo watu wenye mikarafuu au minazi yao katika ardhi ya mwingine. Sheria ya Kiingereza hufundisha kinyume, kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mombasa ikawa na sheria mbili ndani ya kiwanja kimoja.

Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani ya Kenya. Aliyedai ardhi akathibitisha, alipewa hati ya milele. Isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wamijikenda wengi walitoka mikono mitupu katika zoezi hilo, na sehemu kubwa ya ardhi ya mjini ikaishia mikononi mwa familia chache. Juu ya ardhi hiyo wakajenga watu waliokuja kufanya kazi bandarini na relini, kwa ruhusa na kodi ndogo.

Nauheshimu utaratibu huo. Ulimpa mtu asiye na mtaji wa kununua kiwanja nafasi ya kuwa na nyumba yake katikati ya mji, jambo ambalo miji mingi ya leo imeshindwa. Ila ulisimama juu ya kujuana. Baba wa mwenye ardhi alimjua baba wa mwenye nyumba, walisali msikiti mmoja, na hakuna aliyefikiria kumfukuza mwenzake. Wajukuu hawajuani. Mwenye hati akiuza kiwanja kwa mjenzi wa maghorofa, aliyejenga kwa mikono yake anaambulia notisi na thamani ya mabati na mawe. Wala benki haiwezi kumkopesha kwa dhamana ya nyumba hiyo, kwa kuwa hati anayo mwingine. Anayenunua nyumba bila ardhi kwa bei nafuu na ajue kuwa unafuu huo umetokana na hatari iliyomo ndani yake.

Mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, ulikua kwa mtindo huohuo, sehemu kubwa juu ya ardhi ya watu binafsi na ya wakfu. Ardhi ya mji ilipopata thamani miaka ya 1920, kodi za viwanja zikapandishwa na walioshindwa kulipa wakapelekwa mahakamani. Mwaka 1928 wakazi waligoma kulipa. Tukio hilo linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa: watu wa kawaida waliuliza hadharani kwa nini aliyejenga mtaa aendelee kumlipa asiyeweka hata jiwe. Jibu lilikuja baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yote ilipotangazwa kuwa ya serikali. Kodi za mabwana zikaisha. Ila dola iliyowatoa watu katika kodi ndiyo pia iliyobomoa nyumba nyingi za Ng'ambo kupisha majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mwenye ardhi mpya alikuwa na nguvu kuliko wote waliomtangulia.

Wakfu haukufutika pamoja na mabwana. Ng'ambo na Mji Mkongwe bado kuna majengo yaliyowekwa wakfu, na kitu cha wakfu hakiuzwi, hakipewi mtu zawadi wala hakirithiwi. Anayeishi humo ni mpangaji, hata kama babu yake alizaliwa humo. Kabla ya kumkabidhi mtu shilingi, pita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Dar es Salaam ilifuata njia nyingine mapema. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, na mwananchi akabaki na haki ya kuitumia. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza umiliki wa milele, Julius Nyerere aliupinga katika andiko lake "Mali ya Taifa": ardhi ikifanywa bidhaa, Waafrika maskini watauza, na kizazi kijacho kitakuwa wapangaji katika nchi yake. Mwaka 1963 hati za milele zikageuzwa kuwa za muda, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaendeleza msingi huo: Rais ni mdhamini wa ardhi yote, nawe unapewa hatimiliki isiyozidi miaka 99. Mnunuzi wa Kariakoo, kwa hiyo, ananunua miaka iliyobaki pamoja na maendelezo yaliyofanywa. Kuna waliotoa fedha nyingi bila kuuliza miaka imebaki mingapi, na kuna walionunua kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa wakadhani wana hati.

Tofauti na Mombasa ni kubwa. Mzee wa Kariakoo mwenye nyumba ya udongo na bati lenye kutu alishikilia kiwanja pamoja na kuta. Bei ya mtaa ilipopaa, thamani ilimwangukia yeye. Wengi wameingia ubia: mzee anatoa kiwanja, tajiri anajenga ghorofa, kisha wanagawana fremu za maduka na vyumba vya juu. Mrithi wa nyumba bila ardhi kule Majengo hana cha kupeleka kwenye meza ya namna hiyo. Hapa naona busara ya 1958, ingawa haikukusudia kuwatajirisha wenye viwanja vya sokoni.

Lakini ubia una mitego yake. Tanzania Bara ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008, inayomwezesha mtu kuwa na hati ya chumba au duka lake ndani ya ghorofa, na Kenya iliandika upya ya kwake mwaka 2020. Mzee asiyedai hati hizo katika mkataba, kabla nyumba yake haijavunjwa, anategemea hisani ya mwenzake. Na ghorofa lenyewe linahitaji mkaguzi: tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Anayenunua sehemu ya ghorofa ananunua nguzo na msingi pamoja na wenzake.

Nairobi nitaigusa kwa ufupi, kwa kuwa nako nyumba na ardhi vilitenganishwa. Wanawake wengi, baadhi yao Waislamu wasio na waume, walijenga nyumba zao katika kijiji cha Pangani. Kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wao hawakuwa na hati ya kupinga. Pumwani, iliyofunguliwa miaka ya 1920, iliwapa watu kiwanja cha kujengea bila kuwapa umiliki wa ardhi.

Sheria za serikali na fikihi zinakutana katika swali la ridhaa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Kenya iliweka katazo kama hilo katika sheria yake ya 2013. Fikihi inaanza kwingine: mali ya mke ni yake na ya mume ni yake, lakini mwenye hisa katika mali ya shirika akitaka kuuza, mshirika wake ana haki ya shufaa, yaani kuinunua kwanza kwa bei ileile aliyokubali mgeni. Madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, humpa haki hiyo mshirika tu. Ya Hanafi humwongezea jirani.

Anayesahauliwa kote ni mpangaji wa chumba. Tanzania Bara iliifuta sheria ya kudhibiti kodi za nyumba mwaka 2005. Ya Kenya ilibaki, lakini inalinda chumba cha kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichopitwa na wakati. Nyumba inapouzwa, wapangaji na familia zao hutakiwa kuhama, na mara nyingi walishalipa miezi sita mbele. Wakazi wa Magomeni Kota walipata bahati adimu: kaya 644 zilizohamishwa zilirudishwa mwaka 2022 katika maghorofa yaliyojengwa palepale. Zilikuwa zimesubiri takriban miaka kumi, na ardhi ilikuwa ya serikali. Hakuna mjenzi binafsi wa Kariakoo anayelazimika kufanya hivyo.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Kenya na viongozi wa Kaunti ya Mombasa watazame ndani ya mila ya pwani yenyewe. Mwenye nyumba bila ardhi ni mshirika katika kiwanja kile kwa kila hali; apewe shufaa kwa sheria, ili ardhi ikiuzwa aulizwe yeye kwanza, na apewe muda wa kutafuta fedha. Dar es Salaam nako, mkataba wa ubia usisajiliwe kabla haujasema wapangaji waliokuwamo watalipwa nini. Nawe mnunuzi, kabla ya bei uliza ardhi ni ya nani, hati imebaki miaka mingapi, warithi ni wangapi, na kama mwenzi wa muuzaji amekubali; kisha fanya upekuzi kwa msajili wewe mwenyewe, usimtume dalali.