Mabasi ya Reli Mahali Pasipo na Reli

Mbeya ilipata hoteli ya reli kabla ya kupata reli yenyewe. Hoteli ile iliyo jirani na Uwanja wa Sokoine ilikuwa mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, enzi ambazo filimbi ya treni ilikuwa haijawahi kusikika Uyole wala Makambako. Wageni wake walishuka kwenye basi, na basi hilo nalo lilikuwa la shirika hilohilo.

Chanzo chake ni Wajerumani. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilipita Morogoro, Dodoma, Itigi na Tabora, ikaiacha Nyanda za Juu Kusini mbali upande wake wa kushoto. Baadaye ikaja dhahabu ya Lupa kule Chunya, chai ya Mufindi na Tukuyu, na manamba wa Njombe waliokwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Mizigo na watu vilikuwepo, njia ya chuma haikuwepo. Waingereza hawakutandika reli ya kwenda huko. Waliifanya idara ya reli iendeshe malori na mabasi. Ruti moja ilitoka Dodoma kupitia Iringa hadi Mbeya, nyingine ikatoka Itigi kupitia Chunya. Basi lilikuwa tawi la treni.

Anayeijua safari ya leo atashangaa: mtu wa Mbeya aliyetaka kufika Dar es Salaam kwa njia hiyo alianza kwa kwenda kaskazini. Alikula vumbi hadi Dodoma au Itigi, ndipo apande treni ya kuelekea mashariki. Iringa, ambayo leo tunaihesabu kuwa iko njiani kwenda Mbeya, ilikuwa njiani kwenda Dodoma.

Siasa za nje ndizo zilizogeuza mwelekeo huo. Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta imefungiwa njia yake ya kusini ya kwenda baharini. Mafuta yakaanza kupelekwa Zambia kwa malori kutoka Dar es Salaam, kwenye barabara ya udongo iliyokuwa ikimeza magari masika hadi madereva wakaiita njia ya jehanamu. Fedha za Marekani, Benki ya Dunia na Sweden zikaleta lami, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia hiyo, iliyoitwa Barabara ya Tanzam, ilikuwa inapitika mwaka mzima. Reli ya TAZARA ilifuata mwaka 1975, ikapita Mlimba, Makambako na Mbeya. Mji wa Iringa ikauruka. Hadi leo Iringa haina treni, kwa hiyo basi pale si chaguo la pili. Na ile barabara ya Dodoma, mama wa ruti zote? Iliachiwa vumbi lake miaka mingi. Lami yake ilizinduliwa mwaka 2018.

Huku lami ikisonga, wenye mabasi nao walibadilika. Serikali ilitaifisha kampuni ya DMT ya Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka 1974 ikaigawa mara mbili: UDA ikabaki na mabasi ya jijini, KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, ikachukua safari za mikoani. Mikoa nayo iliundiwa kampuni zake za usafirishaji, zilizojulikana kama RETCO.

Ni desturi kuicheka KAMATA na kusema ilikufa kwa uzembe. Uzembe haukukosekana. Lakini nauli ilipangwa na serikali kwa shilingi, spea zilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na mafuta kupanda bei, fedha hizo hazikuwepo. Sioni meneja gani angeliokoa basi lililosimama kwa kukosa spea. Lililobaki ni jina: makutano ya Nyerere na Msimbazi, Dar es Salaam, bado yanaitwa Kamata. Hapohapo ndipo Scandinavia Express, kampuni binafsi iliyovuma sana mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipoweka kituo chake na kuwapa abiria wa Iringa na Mbeya soda na biskuti ndani ya basi. Nayo haipo tena. Sumry, iliyotamba Mbeya na Sumbawanga, ilifuata njia hiyohiyo.

Mlima Kitonga, kwenye barabara ya kwenda Iringa, haujali basi ni la nani. Ukishapita vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, injini hubadili sauti, na lori moja likiharibika kwenye kona linatosha kusimamisha foleni ya pande zote mbili kwa saa kadhaa. Abiria hushuka kuchimba dawa, wengine hununua mahindi, wazee husimulia ajali za zamani bila kuombwa. Juu kuna Ilula na nyanya zake, kisha Iringa yenyewe, ambayo mabasi mengi hayaingii: mji uko kilimani, barabara kuu inapita chini Ipogolo. Stendi mpya ya Igumbilo iliifuata barabara huko chini, na anayekaa mjini sasa anaongeza nauli ya bajaji kwenye hesabu yake.

Mbeya ni kinyume chake. Mji ule umejinyoosha juu ya barabara kuu kutoka Uyole hadi Mbalizi, hivyo Hiace za Mwanjelwa, bajaji, mabasi ya Tunduma na malori ya Kongo vyote hugombea lami moja. Barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, inajengwa kwa sababu hiyo.

Badiliko la karibuni zaidi ni la saa. Kwa takribani miongo mitatu mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku. Basi la Mbeya liliondoka alfajiri, na likichelewa sana lililala njiani na abiria wake. Mwaka 2023 katazo hilo liliondolewa, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ikaanza kutoa ratiba za usiku. Sasa mfanyabiashara wa Soko la Mwanjelwa hupanda jioni, akafika Dar es Salaam maduka ya Kariakoo yakifunguliwa, akanunua mzigo na kugeuza jioni ya siku hiyohiyo.