Baba wa Kambo, Baba Mzazi na Sahihi Inayotafutwa

Juma hili twaomba tutafakari pamoja historia ya jambo ambalo hapa Mchikichini halisemwi kwa sauti, bali hufika mezani likiwa limefungwa ndani ya bahasha. Mama aliyekuwa akiuza mitumba pale Karume ameolewa na mume anayeishi Uingereza au Marekani. Amekwisha kwenda, ama yu mbioni kwenda. Watoto aliowapata kabla ya ndoa hiyo wamebaki kwa bibi yao. Mume huyo, ambaye mara nyingi ni mtu mwema, ataka kuwaasili wawe wanawe kisheria ili wamfuate mama yao. Karatasi zote zimepatikana isipokuwa moja: ridhaa ya baba aliyewazaa. Baba huyo yuko Kigogo, ama Buguruni, ama hajulikani aliko. Kwa miaka mingi hakuleta hata daftari la shule. Lakini akiulizwa, hujibu kwamba damu yake haitaitwa kwa jina la mtu mwingine.

Watu humkasirikia, nasi twaielewa hasira hiyo. Hata hivyo, yafaa tujiulize kwa nini sheria ilimpa mtu wa namna hiyo nafasi ya kusema hapana. Jibu lake ni la kale sana.

Katika Roma ya zamani mtoto alikuwa chini ya mamlaka ya baba, na mamlaka hayo hayakuwa na mwisho maadamu baba yu hai. Sheria ya Mbao Kumi na Mbili, ya karne ya tano kabla ya Kristo, ilisema kwamba baba akimwuza mwanawe mara tatu, mwana huyo huwa huru kutoka kwa baba. Wanasheria wa Roma wakaligeuza tamko hilo kuwa njia ya kuasili: baba alimwuza mwanawe kwa mauzo ya kuigiza, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, ndipo baba mpya akamdai mbele ya hakimu. Kwa binti, mauzo ya mara moja yalitosha. Mama hakuulizwa, na mtoto hakuulizwa. Mwaka 530 Kaisari Justiniani aliyafuta maigizo hayo. Ikawa yatosha baba mzazi kutamka nia yake mbele ya hakimu, anayeasili akiwapo, na mtoto mwenyewe akiwapo bila kupinga. Hapo ndipo twaona, kwa mara ya kwanza, kunyamaza kwa mtoto kukipewa maana.

Uingereza, ambayo sheria zake zilikuja kututawala, haikuwa na sheria ya kuasili mtoto hata kidogo mpaka mwaka 1926. Sheria ya mwaka huo iliweka kanuni mbili ambazo zimesafiri mbali: mzazi lazima aridhie, na mahakama yaweza kuiondoa haja ya ridhaa hiyo kwa sababu maalumu, kama vile mzazi aliyemtelekeza mtoto au asiyeweza kupatikana. Lakini baba ambaye hakuwa amemwoa mama hakuhesabiwa kuwa mzazi kwa ajili hiyo. Ridhaa ya mama peke yake ilitosha. Tanganyika ilipata sheria yake ya kuasili watoto katika miaka ya 1950, chini ya utawala wa Waingereza, nayo ilifuata mkondo huo huo. Ndiyo iliyojulikana baadaye kama Sura ya 335, na ilidumu zaidi ya nusu karne.

Sheria hiyo ilikuwa ya mahakama kubwa na ya watu wachache. Mitaani watu waliishi kwa mila na kwa dini zao. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, liliwahesabu watoto waliozaliwa katika ndoa kuwa wa upande wa baba. Aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa wa upande wa mama, mpaka baba amhalalishe kwa kumwoa mama yake au kwa kulipa. Jirani zetu Waislamu, ambao katika mitaa ya Kariakoo na Ilala ni wengi, walikuwa na msimamo wao ulio wazi zaidi: yatima na mtoto wa mwingine wamlee kwa mikono miwili, ila ataendelea kuitwa kwa jina la baba yake. Zanzibar imeuweka msimamo huo, yaani kafala, ndani ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Tunakiri kwamba kuna hekima hapo. Neno letu lenyewe "kuasili" latoka katika "asili", kana kwamba mahakama yaweza kumpa mtu chimbuko jipya. Ni neno zito kuliko tunavyolitamka.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndiyo iliyomtazama baba wa kambo kwa jicho la upole. Ilisema kwamba mwanamume akimpokea mtoto asiye wake kuwa mmoja wa familia yake, anao wajibu wa kumtunza pale ambapo baba na mama wameshindwa. Haikumfanya kuwa baba, wala haikumfuta baba. Wahenga walikwisha kusema kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na sheria hiyo ikaitambua kazi. Kuhusu mtoto akae na nani wazazi wakiachana, ikaagiza ustawi wa mtoto uwe jambo la kwanza, matakwa ya wazazi na mila vikifuata nyuma.

Kisha ikaja Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, iliyoifuta Sura ya 335. Hapa wasomaji wetu wasome kwa makini, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Chini ya sheria hii mzazi ni baba au mama wa kuzaa, bila kuuliza kama walifunga ndoa. Yule kijana wa Buguruni ambaye sheria ya kikoloni isingemtazama, leo hana budi kuulizwa. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu, na afisa ustawi wa jamii huchunguza. Mama aweza kuomba pamoja na mwenzi wake. Tena kwa mgeni kuna masharti ya ziada, likiwamo la kuwa amekaa Tanzania miaka mitatu mfululizo na kumlea mtoto kwa miezi mitatu chini ya uangalizi. Mume aliyeko Manchester, anayekuja kwa likizo ya majuma matatu, hawezi kuyatimiza kwa safari moja.

Je, baba akikataa? Mahakama yaweza kuipita ridhaa yake ikiridhika kwamba amemtelekeza mtoto au kumtesa mara kwa mara, hapatikani, hana uwezo wa kuridhia, au anakataa bila sababu ya haki. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mwaka 1971 majaji wa Baraza la Malordi huko Uingereza walilitafakari kwa kirefu, wakaona kwamba wazazi wawili wenye busara waweza kuyatazama mambo yale yale na kufikia maamuzi yanayopingana, wala asiwepo aliyekosa busara. Kukataa, basi, si kosa kwa sababu tu kunatuchelewesha. Baba anayehofu kwamba hatamwona mwanawe tena hana wazimu. Kuasili hukata kabisa haki na wajibu wake, hata katika urithi, na mtoto akishapanda ndege barua za majuto hazimrudishi.

Waingereza wenyewe waliingiwa na mashaka. Baada ya vita idadi ya talaka ilipopanda, akina mama wengi walioolewa tena waliomba waume wao wawaasili watoto. Kamati iliyotoa taarifa yake mwaka 1972 ikaonya kwamba mara nyingi kinachotafutwa ni kumfuta baba wa kwanza na ukoo wake, na sheria ya mwaka 1975 ikawaagiza mahakimu wayakatae maombi hayo pale ambapo amri ya malezi ingefaa zaidi. Ajabu nyingine: mama alilazimika kuomba kumwasili mtoto aliyemzaa mwenyewe ili mumewe ashiriki naye. Jambo hilo halikuondolewa mpaka sheria mpya ilipoanza kutumika kikamilifu mwishoni mwa mwaka 2005.

Ndiyo maana tunasema kwa masikitiko kwamba wengi hugombana na baba mzazi kwa ajili ya mlango ambao huenda hawahitaji kuupita. Sheria ya uhamiaji ya Marekani humtambua mtoto wa kambo bila kuasiliwa, iwapo ndoa ya mama yake ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Uingereza huangalia, pamoja na mengine, kama mzazi aliyeko kule ndiye aliyebeba peke yake dhamana ya malezi. Ruhusa ya baba yaweza bado kutakiwa kwa safari, lakini kumwomba mtu amruhusu mwanawe asafiri si sawa na kumwomba aache kuwa baba yake. Wapo wanaokataa la pili wakakubali la kwanza, wakiulizwa kwa heshima na mbele ya wazee.

Kwa upande wetu kuna daftari la ubatizo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 110, inawatambua walioasiliwa kuwa watoto wa waliowaasili, na kanuni ya 877 inaeleza namna ya kuyaandika majina yao. Kanuni hiyo hiyo yasema kwamba baba asiyemwoa mama huandikwa ikiwa kuna hati ya serikali inayomthibitisha, au akijitokeza mwenyewe na kutamka mbele ya paroko na mashahidi wawili kwamba mtoto ni wake. Wapo vijana wa mitaa hii waliofanya hivyo wakiwa na miaka ishirini, wamevaa mashati ya kuazima, kisha wakatoweka. Majina yao yamo humo bado, na mahakama ikiuliza baba ni nani, ukurasa huo ndio unaoombwa.